Injini ya Cuthbert Raine

Cuthbert Raine alikuwa fundi wa mashine za mvuke katika mgodi wa makaa ya mawe, jirani na mto Tyne, Uingereza. Enzi hizo mabehewa yalivutwa na farasi. Alipoanza kuunda injini ya kutembea yenyewe, kijiji kizima kilimcheka.

"Shemeji, hilo birika lako likichemka utuite chai!" alimtania Matty Jobling, kaka wa mkewe Isabel. Lakini Matty huyohuyo ndiye aliyekubali kuiendesha.

Injini ikavuta mabehewa kweli, watu wakarusha kofia juu. Ubaya ukawa reli: zilipasuka kama vigae chini ya uzito wake. Cuthbert akamwomba mwenye mgodi reli imara.

"Nimekupa chuma cha injini, sasa wataka na cha njia?" bwana yule akafoka. "Wageni wangu wanakuja kuitazama Jumatatu. Ikivunja reli tena, narudisha farasi."

Basi Cuthbert akaipunguza uzito. Akabandua mabati ya tangi la mvuke, akaweka membamba zaidi.

"Matty, usiibane valvu, ile ya kutolea mvuke," alimwonya asubuhi ya Jumatatu. "Mvuke ukizidi, uache utoke."

"Ondoa shaka, shemeji."

Reli zikastahimili. Lakini kilimani injini ikakwama, na wageni wakaanza kucheka. Matty alimpenda shemeji yake, hakuvumilia kicheko kile. Akaikalia ile valvu ili mvuke uzidi nguvu. Cuthbert alikimbia akipiga kelele ashuke. Tangi likapasuka kabla hajamfikia.

Baada ya mazishi ya kaka yake, Isabel alimuuliza Cuthbert, "Ulijua bati ni jembamba?"

"Nilijua."

"Na yeye je?"

"Nilimwambia asiibane."

"Sikukuuliza hilo, Cuthbert."

Hakumuuliza tena jambo lolote. Alimpikia, akamfulia, basi.

Farasi wakarudi. Cuthbert akawekwa kwenye pampu ya kutoa maji mgodini, na huko akazeekea. Nyakati za usiku wa baridi alichora injini nyingine kwa makaa ukutani, asubuhi akaifuta.

Watu wa bonde la pili walipofungua njia yao ya treni, kwa ngoma na tarumbeta, kijiji kizima kilikwenda kutazama. Reli zao zilikuwa imara. Jioni majirani walipita mlangoni wakisimulia kwa furaha; walipomwona, wakaharakisha hatua. Cuthbert akaingia ndani, akala uji wake wa njegere uliokwisha kupoa. Isabel alikuwa amekwisha kulala.