Kichwa Kilichonyolewa Nusu

Siku moja nilinyoa kidevu changu bila kutoka damu, na kesho yake asubuhi nikafunga begi nikaondoka Zinga. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Mimi nikikaribia kumaliza kitu, nyayo huanza kuniwasha. Shule niliiacha darasa la sita kwa mtindo huohuo: nilishaelewa desimali, nikaona hapo panatosha.

Zinga nilikuwa nimekaa kwa mtu anayenunua vyuma chakavu. Kazi yangu ilikuwa kuchambua: chuma kirundo kile, bati kirundo hiki, shaba kwenye ndoo yake. Ndani ya gunia la majembe yaliyokatika na minyororo ya baiskeli ndipo nilipouona wembe. Ulikuwa wembe wa kukunja, wa vinyozi wa zamani, mpini wa pembe, kutu imeubana mpaka haukunjuki.

"Chukua," tajiri wangu aliniambia. "Hata kwenye mzani hautikisi kitu."

Niliuloweka kwenye mafuta ya taa mpaka ukakunjuka. Nikausugua kwa majivu na ndimu, halafu kwa msasa wa maji, kila jioni kidogo kidogo. Chini ya kutu chuma kilitoka na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua tetekuwanga, lakini kwenye makali palikuwa pazima. Upande mmoja wa mpini ulikuwa umeliwa na wadudu, nikachonga mwingine kwa kipande cha bomba la plastiki. Seremala wa jirani aliniazima kinoo chake, jiwe lililochakaa katikati kama mtumbwi. Nililisugua juu ya sakafu ya simenti yenye mchanga mpaka likawa bapa, naye alipoliona akaniambia nibaki nalo, maana hakulitambua tena.

Kunoa nilijifunza kwa kukosea. Wembe unaulaza, mgongo na makali vyote viguse jiwe, kisha unasukuma makali yakitangulia, kama unayetaka kulimenya jiwe ganda jembamba. Kwenye mkanda wa ngozi ni kinyume: mgongo ndio unaotangulia. Hilo nililijua baada ya kuukata mkanda wangu wa suruali vipande viwili. Kisha kila ukimaliza unapaka mafuta ili kutu isirudi. Mimi nilipaka mafuta ya nazi. Huku kwetu kila kitu kinapakwa mafuta ya nazi, nywele, mtoto mchanga, bawaba ya mlango. Jioni ile nilifungua chupa ndogo mpya niliyoinunua kwa mama mmoja barabarani, nikaupaka wembe kwa wingi, nikaukunja, nikaufunga kitambaani, nikalala nikiwa na furaha.

Basi asubuhi hiyo nikasimama barabarani bila kujua naelekea wapi. Lori tupu likasimama. Dereva alisema anakwenda Lugoba kupakia kokoto. Nikasema hata mimi nakwenda Lugoba. Sikuwa na mtu Lugoba, wala sikuwahi kufika.

Tulipita Bagamoyo, tukashika njia ya Msata, na pale Makurunge tairi la nyuma likapasuka. Jeki ilikuwa mbovu. Dereva akaniambia nipumzike, itachukua muda. Mimi kupumzika siwezi. Nikatoa wembe, nikafunga kipande cha ule mkanda kwenye bodi ya lori, nikaanza kuunoa ngozini, kwenda na kurudi, pa, pa, pa. Mkanda ulikuwa unateleza kwa mafuta kuliko kawaida, nikaona ni vizuri.

Mzee mmoja akapita na baiskeli, gunia la mchele nyuma. Akapita hatua kama kumi, akasimama, akarudi akiisukuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, wewe kinyozi?"

Nimeshafikiria mara nyingi kwa nini nilijibu nilivyojibu. Labda ni kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza kama mimi ni kitu chochote.

"Ndiyo, mzee," nikasema.

Uso wake ukafunguka. Binti yake alikuwa amekuja kujifungulia nyumbani, na leo mtoto anatimiza siku saba. Mbuzi ameshachinjwa, watu wameshaitwa, na kinyozi aliyeahidi kuja amepata homa. Kuna jirani anayejua kunyoa kwa wembe wa dukani, lakini binti hataki kusikia. Mtoto wake wa kwanza alinyolewa hivyo, akakatwa, kichwa kikatunga usaha siku nyingi. Amesema bora huyu akae na nywele zake.

"Mungu ndiye aliyelitoboa hilo tairi," mzee akasema.

Nilimfuata. Njia nzima kati ya mihogo nilikuwa nahesabu vichwa nilivyowahi kunyoa, na hesabu haikuwa ndefu. Havikuwepo. Nilikuwa nimenyoa kidevu kimoja tu duniani, na kati ya mara zote hizo ni mara moja tu kilibaki salama.

Uani palijaa wanawake na moshi wa pilau. Wanaume walikuwa kibarazani wakisubiri mtoto anyolewe ndipo isomwe dua. Kabla sijaketi, mwanamke mmoja mnene aliyekuwa akipepeta mchele alinitazama usoni akacheka kwa sauti. Nilikuja kujua kwamba ndiye jirani mwenye wembe wa dukani, na kwamba yeye na mzee ni watani, Mzigua kwa Mkwere, hawawezi kusalimiana bila kutukanana.

"Mtani, huyu ndiye kinyozi? Mbona kidevu chake kama kimeparurwa na kuku?"

"Kinyozi hajinyoi," mzee akajibu. "Wewe mpika pilau, mbona una njaa?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu.

Bibi wa mtoto, mke wa mzee, alikaa mkekani akampakata mjukuu. Mama mtu alikaa karibu kabisa, goti lake likigusa bakuli la maji. Hakucheka hata kidogo. Alikuwa ananitazama vidole.

Nilinawa. Nililowesha nywele kwa maji ya vuguvugu, nikapaka povu la sabuni. Kichwa cha mtoto wa siku saba hakina uzito, na pale utosini ngozi ilikuwa inapanda na kushuka. Niliona mapigo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kuhusu mapigo.

"Bismillahi," bibi akasema, akanigeuzia upande wa kulia.

Upande wa kulia ulikwenda. Nililaza wembe chini kabisa, nikavuta ngozi kwa kidole gumba, na nywele zikatoka laini kama ukungu kwenye embe. Mtoto alilala. Nilianza hata kusikia harufu ya pilau. Kisha, nilipovuka katikati na kuingia kushoto, wembe ukakwama.

Ulikuwa unavuta, haukati. Nikajaribu tena juu kidogo, ukavuta zaidi. Mtoto akaamka akalia kilio kile kisicho na pumzi, na nilipoinua wembe niliona mstari mwekundu, mwembamba, urefu wa punje ya mchele. Damu haikutoka. Nilikaa nikiutazama mstari ule nikisubiri damu, na haikutoka.

"Nini?" mama mtu akauliza.

"Nauangalia wembe."

Niliupeleka kwenye mwanga. Makali yaliyokuwa mstari mmoja jana yalikuwa na vidoadoa vya kahawia, vidogo sana, na kila kidoa kilikuwa kimeanza kuwa pengo. Nusu ya kichwa cha mtoto ilikuwa inang'aa, nusu nyingine ina nywele na povu linalokauka.

"Malizia," bibi akasema.

"Wembe hauwezi, bibi."

"Hauwezi vipi? Mtoto hawezi kuachwa hivi. Mtume amekataza kunyoa upande na kuacha upande."

Hapo mzee akaja kutoka kibarazani, akasimama mlangoni. Jirani alikuwa ameshainuka. "Ninao wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake. Niulete?"

"Usiulete!" Mama mtu alimnyakua mtoto, akamfunika kichwa kwa khanga. "Hamgusi mtu tena."

Na wakati huohuo nikasikia honi. Mara mbili, halafu ndefu. Lori lilikuwa limepona. Dereva alikuwa ananiita, na kutoka pale mkekani hadi kwenye mihogo zilikuwa hatua kama ishirini, na begi langu lilikuwa mgongoni. Ndiyo, sikuwa nimelivua. Nilikuwa nimekaa kunyoa mtoto wa watu na begi mgongoni.

Nilisimama. Honi ikalia tena. Bibi alinitazama begi.

"Mimi si kinyozi," nikasema. "Nimenyoa kidevu kimoja tu, hiki. Wembe niliuokota kwenye vyuma chakavu. Nilimdanganya mzee."

Aliyekuwa akikoroga pilau aliuacha mwiko sufuriani. Kisha jirani akaachia cheko, akapiga mapaja. "Sikusema? Kuku! Kuku ndio waliomnyoa!" Mzee hakumjibu utani wake. Uso wake ulikuwa umesinyaa, na hilo ndilo lililonichoma, kuliko cheko.

"Lakini upande huu umeunyoa vizuri," bibi akasema. Alikuwa ameufunua ule upande wa kulia anaupapasa. "Sasa kwa nini ule umeshindikana? Wembe unaupaka nini?"

Nikamtolea chupa yangu. Akainusa, akamimina tone kidoleni, akalisugua, akalionja, kisha akajongea jikoni akadondosha matone machache kwenye kaa la moto. Yakapasuka. Pa-pa-pa, yakaruka kama chumvi iliyomwagwa motoni.

"Hayajaiva," akasema. "Mafuta ya nazi yakiiva hayasemi motoni, yanawaka kimya. Haya yameepuliwa maji hayajaisha, na ni maji ya kisima chenye chumvi. Umeukunja wembe wako ndani ya maji ya chumvi usiku kucha, ukadhani umeupaka mafuta." Akanirudishia chupa. "Aliyekuuzia alikuwa na haraka."

Honi ikalia mara ya mwisho, mbali kidogo. Nikasikia lori likibadili gia, na mlio ukapungua kuelekea Msata.

Nikavua begi, nikatoa kinoo. Hakuna aliyeniruhusu wala aliyenikataza. Mkanda niliusugua kwa majivu ili utoke mafuta. Nikalimwagia jiwe maji ya kunywa, siyo ya kisima, nikaanza. Kwenda, geuza kwa mgongo, rudi. Mikono ilikuwa inatetemeka, na wembe unaotetemeka juu ya jiwe unajiharibu wenyewe, kwa hiyo nikawa nasimama, napumua, naanza upya. Kibarazani watu walikohoa. Mtoto alinyonya, akalia, akanyonya tena. Mama mtu alikuwa amegeuka kunitazama, na kila nilipoinua wembe kwenye mwanga, na yeye aliinua shingo.

Niliponyoa nywele za mkono wangu zikaruka zenyewe, nikamwambia bibi nadhani uko tayari.

"Unadhani," mama mtu akasema.

Mzee akavua kofia. Alikuwa na mvi fupi pande zote. Akaketi mkekani mbele yangu, akaniinamishia kisogo. "Nianze mimi. Kama kuna damu, tuione hapa."

Nilimnyoa mzee kisogo na juu ya masikio, kisha kichwa chote. Wembe ulipita kimya. Alipojipapasa akatazama vidole vyake, mbele na nyuma, akamwonyesha binti yake. Binti akamtazama mama yake. Kisha akamfunua mtoto taratibu, lakini safari hii hakumpa bibi. Alimpakata mwenyewe, na mkono wake mmoja akauweka juu ya kifundo cha mkono wangu. Hakubana. Aliuweka tu, ili asikie nikianza kutetemeka.

Upande wa kushoto nilinyoa na mkono ule juu yangu. Ule mstari mwekundu niliuzunguka kama mtu anavyolizunguka kaburi. Nywele za mwisho zilikuwa nyuma ya sikio, na hapo nilishusha wembe, nikanyoosha ngozi upya, nikaushusha tena, nikanyoosha tena, mpaka jirani akasema, "Kinyozi, pilau inaungua," nikamaliza.

Bibi akakusanya nywele kwenye kitambaa, akaenda kuzifukia mgombani. Dua ikasomwa. Nilipewa sahani, nikala nisijue ladha, maana kila dakika nilikuwa natafuta kile kichwa kwa macho. Kilipita mikono mingi. Kila aliyekipokea alikipapasa.

Ilipokaribia magharibi nilifunga begi nikamuaga bibi. Lugoba bado ningefika kama lingepita gari.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza. "Ngozi ya mtoto haivimbi siku hiyohiyo. Ule mstari tutauona asubuhi umelala au umeamka. Utalala hapa mpaka tuuone."

"Na ukiwa umeamka?"

"Utakuwepo."

Jirani, aliyekuwa anaosha masufuria, hakugeuka. "Mfungieni mlango kwa nje, mtani. Huyo ana miguu."

Hawakufunga. Chumba kilikuwa kile cha uani wanamowekea mahindi, kitanda cha kamba, dirisha dogo linalotazama mgomba. Mama mtu mwenyewe ndiye aliyeniletea shuka. Alisimama mlangoni, mtoto begani, akaniuliza wembe uko wapi. Nikamwonyesha: nilikuwa nimeufuta ukakauka, nimeupaka mafuta ya bibi, yale yasiyosema motoni, na nimeuweka dirishani ukiwa wazi, haukukunjwa.

Akautazama. Kisha akamgeuza mtoto ili niuone ule upande wa kushoto. Mstari ulikuwepo bado. Sikuweza kusema kama umefifia au ni mwanga tu umepungua. Alipoondoka nikatundika begi kwenye msumari, nikakaa kitandani kusubiri asubuhi.