Nyani Walipoacha Kutuogopa

Nilipokuwa mtoto kule Kisaju, nyani walitujua kuliko majirani. Kundi lao lililala kwenye migunga ya korongo lililokuwa chini ya shamba letu. Asubuhi jua likishapasha mawe, walishuka mmoja mmoja, wakakaa kuchambuana manyoya huku wakitazama kwetu. Sisi tulidhani tunawachunga. Leo naona wao ndio waliokuwa wakituchunguza: nani ameamka, nani amekwenda kuchota maji, nani hajaonekana siku nyingi.

Nyumbani tulikuwa watatu, Mama, mimi, na Susu. Kwetu Wakamba susu ni nyanya, na huyu alikuwa mama yake Baba. Baba alifanya kazi Magadi. Alikuja mwisho wa mwezi, viatu vyake vina vumbi jeupe la magadi, na Mama alilipangusa taratibu kama kitu cha kuwekwa akiba. Siku alizokuwepo, hakuna nyani aliyesogelea mahindi. Alikuwa na kombeo, lakini mara nyingi hakulitoa. Alisimama mlangoni, akakohoa, na madume wakubwa wenye manyoya mazito mabegani waliinuka wakarudi korongoni bila haraka, kama watu waliokumbuka kazi nyingine.

Mwaka ninaousimulia mvua ilinyesha vizuri, jambo ambalo Kisaju si la kutegemea. Mama alikuwa mjamzito. Alilima shamba lote, mpaka ile sehemu ya mawe ambayo kila mwaka tuliiacha, kwa sababu Baba alikuwa amesema mtoto akizaliwa tutajenga nyumba ya bati. Kisha mwisho wa mwezi ukaja, Baba hakuja. Ukaja mwingine.

"Ni ovataimu," Mama aliniambia. "Huko kazi ni mingi."

Nyani walianza kukaa juu ya ua wetu wa miiba. Mwanzoni walikuwa vijana, wale wanaojaribu kila kitu. Nilipowarushia mawe walisogea kidogo, wakangoja mawe yaniishie. Baadaye wakaja majike na watoto mgongoni. Mwisho akaja dume mkubwa. Akakaa, akanitazama mimi, akamtazama Mama na tumbo lake, akaanza kujikuna kifuani.

Susu alikuwa akichambua maharagwe uani. Hakuinua kichwa.

"Nyani hujua," alisema. "Mwanaume akisafiri, jasho lake hubaki kwenye ua, nyani wanalisikia, wanaogopa. Lakini akiitoa roho yake kwa hiyo nyumba, jasho linakauka. Nyani wanakuja wanaona ni miiba tu."

"Mama, si useme tu umeshindwa kuwafukuza," Mama alimjibu, akijaribu kucheka.

"Mimi nimesema ile nilifundishwa na mama yangu. Nyani akikaa kwa ua wako na asikimbie, huyo mwanaume hayuko kwa safari. Ameenda."

Nilikuwa na umri wa kuamini kila kitu kilichosemwa bila kuinua kichwa. Usiku ule nilikwenda na shati la Baba la zamani, nikalisugua kwenye miiba ya ua, upande ule nyani walikokaa. Asubuhi yule dume alikuwa palepale.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kimaasai, mfugaji, ambaye sote tulimwita Yeyo, yaani mama, kwa lugha yake. Aliposikia maneno ya Susu alitema mate pembeni.

"Hii nyani haijui mambo ya roho," alimwambia Mama. "Inajua mkono. Mkono ya mwanaume inarusha jiwe mbali, ya mwanamke inarusha karibu. Basi. Wewe vaa suruali ya bwana yako, utaona."

Mama akavaa. Suruali ya Baba haikufunga kiunoni kwa sababu ya tumbo, akaikaza kwa kamba ya katani. Akavaa koti na kofia, akakohoa kwa sauti nzito, akapita mbele ya shamba kwa hatua ndefu. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Nyani wakakimbia! Siku ile Mama alirudi ndani akiwa ametoka jasho, anatabasamu, akampita Susu kichwa juu.

Kesho yake walikimbia tena, lakini waligeuka nyuma kutazama. Siku iliyofuata yule dume hakukimbia. Alishuka kwenye ua, akatembea hadi mita chache kutoka kwa Mama, akampita kama mtu anavyompita mtu sokoni, akaingia kwenye mahindi. Kundi zima likamfuata. Mama alibaki amesimama na koti la mumewe, mikono ikining'inia ndani ya mikono ya koti.

"Nyani haogopi nguo," Susu alisema mlangoni.

Wiki zile nilikaa shambani kutwa nikigonga debe, kazi ambayo haikusaidia, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya niliwatazama. Jike mmoja alikuwa amezaa. Mtoto wa nyani huzaliwa mweusi, uso mwekundu, masikio makubwa, hafanani na wenzake. Majike wengine walikuja mmoja mmoja kumwona. Waliguna kwa sauti ya chini, wakamchambua mama manyoya kwanza, ndipo wakanyoosha kidole kumgusa mtoto. Na dume mmoja mzee, mwenye sikio lililopasuka, hakubanduka ubavuni mwa yule jike. Mtoto alimpanda mguuni, akamvuta ndevu, naye akatazama mbali kama babu anayesumbuliwa na mjukuu. Kijana mmoja alipotaka kumvuta mtoto, mzee alifunua meno yake, basi, kijana akatafuta njia.

Mama alikuja kuniletea uji, akasimama nami akitazama.

"Majike hawa huenda na huyu na yule," alisema. "Huyu mzee pengine hata hajui kama mtoto ni wake. Na amekaa."

Akachukua kikombe kabla sijamaliza uji, akaondoka.

Mdogo wangu alizaliwa wakati mahindi yaliyobaki yalikuwa mabua. Wanawake wa kanisani walikuja na sukari na unga, Yeyo akaleta maziwa kwenye kibuyu. Baba alituma salamu kwa dereva wa lori. Susu alitaka mtoto apewe jina la babu, kama desturi ilivyo. Mama alikataa, akamwita Musyoka, yaani anayerudi. Nakumbuka Susu alivyoukaza mdomo. Nilidhani amekasirikia desturi iliyovunjwa.

Mchana mmoja Mama alikuwa amemlaza Musyoka kwenye gunia jikoni, akatoka kuanika nepi. Nilisikia sufuria ikianguka. Nilipofika mlangoni, yule dume alikuwa ndani, kifua kimejaa unga, mtoto akilia karibu na miguu yake. Mama alinisukuma kando, akaingia. Dume alifunua meno, akamrukia. Mama alianguka juu ya mafiga, mkono wake ukaungua kuanzia kiganja hadi kiwiko. Nyani akatoka juu yake, na mfuko wetu wa unga mkononi. Mtoto hakuguswa.

Mama hakulia. Alifunga mkono kwa kanga, akamfunga Musyoka mgongoni, akamwambia Susu, "Nakwenda Magadi."

"Na hiyo mkono? Ngoja ipone."

"Nakwenda."

Susu alimshika kanga. Mimi niliona. Alimshika kama mtu anayetaka kusema kitu, kisha akamwachilia.

Mama alirudi siku ya pili, jioni, kabla ya giza. Jua la Magadi lilikuwa limemchoma uso. Alikaa kwenye kigoda, akamnyonyesha Musyoka hadi akashiba, ndipo akazungumza. Alizungumza na Susu, si nami, kwa sauti ya kawaida ya kuulizia chumvi.

"Yule mwanamke wa mwanao amenikaribisha chai. Iko na watoto wawili hiyo nyumba. Yule mkubwa anakaribia umri wa Mwende." Mwende ni mimi. "Kwa ukuta kuna ukili ule wako, Mama, ule ulikuwa unasuka hapa uani. Ule ulisema umepeleka kuuza Kitengela."

Susu aliendelea kuchambua maharagwe. Vidole vyake vilikuwa vikitupa mazima pamoja na mabovu.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuambia," Susu alisema. "Nilikuambia mbele ya huyu mtoto. Nilisema ameenda."

"Uliniambia nyani. Hukuniambia mtu."

Baada ya hapo sikusikia neno kati yao hadi tulipohama. Mama alipanga chumba Kitengela, akauza mboga, mkono wenye kovu ukihesabu sukuma wiki kila alfajiri. Yeyo alitusindikiza hadi barabarani na hakutaja nyani. Susu alibaki peke yake na shamba. Nyani walilimaliza, kisha Baba akaliuza. Leo kuna nyumba za kupanga pale, na korongo limejaa mifuko ya plastiki. Migunga ilikatwa. Sijui kundi lilikwenda wapi.

Susu alipofariki nilikwenda kumzika, Mama hakwenda. Baba alinisalimu kwa mkono, kama mgeni wa heshima.

Nimesikia watu wengi wa kwetu wakilisema lile neno, kwamba nyani hujua, na hunitazama wakitaka niongeze ushahidi, kwa kuwa kwetu lilitimia. Lilitimia, ndiyo. Lakini nyani hawakuwa na unabii wowote. Wanyama wanaoishi kwa kujua nani ana nguvu, nani yuko na nani, na nani ameachwa, walitutazama kwa makini wiki chache wakaelewa. Susu alielewa miaka mingi kabla yao. Nao waliondoka na mahindi na unga tu. Yeye alimtazama mkwe wake akilima na tumbo lile, mpaka sehemu ya mawe, na alijua hakuna bati litakalonunuliwa.

Nilimuuliza Mama miaka kadhaa iliyopita kama angependa kuambiwa waziwazi wakati ule. Hakufikiri.

"Angeniambia," alisema, "ningelima nusu."

Kwa muda mrefu niliishi na jibu hilo kama amri. Kisha nikamwona mume wa rafiki yangu mahali ambapo hakupaswa kuwa, na mtu ambaye hakupaswa kuwa naye, na jioni ileile nikamwambia rafiki yangu, kwa majina, bila kuzunguka. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza ninafaidika na nini. Mume wake bado yuko nyumbani, na sisi tukikutana sokoni Kitengela yeye huvuka upande wa pili.

Ndipo nilipomwelewa Susu. Mzee asiye na kwake, anayekula kwa mkono wa mwanawe, angesema kwa mdomo upi? Alitafuta mdomo wa nyani, usioweza kufukuzwa nyumbani. Namwelewa kabisa sasa. Kumsamehe ni kazi nyingine, nami sijaianza.