Kapitene na Kigoda cha Babu

Juzi nilishuka Kavimvira, mtaa wa Uvira, kuwaona jamaa, nikamkuta mama mmoja akimchapa mbwa wake kwa sandali iliyotafunwa nusu. Mbwa mzima, si mtoto. Nilisimama njiani na mzigo mkononi, nisiweze kuendelea, maana niliyemwona pale alikuwa Kapitene.

Kapitene alikuwa mbwa wa babu yangu, mvuvi. Wewe uliyekulia ziwani unazikumbuka jioni zile: wanaume wakisukuma mitumbwi, taa za petroli, yale mafuta ya taa, zikipigwa pampu, akina mama wakikusanya ndagala, dagaa zetu, zilizoanikwa mchangani. Mchana babu alikaa kibarazani juu ya kigoda chake akishona nyavu na kuvuta tumbaku, na Kapitene alilala juu ya miguu yake. Miaka yote ile hakuharibu hata kamba ya kiatu.

Babu alipofariki tulifanya kama wanavyofanya watu wote. Matanga yalipokwisha, shangazi na wanawake wa jirani walibeba nguo zake, shuka na blanketi, wakazifua ziwani kwa sabuni nyingi, kisha zikagawiwa ndugu. Bibi alibakiza koti moja tu, akalifungia sandukuni.

Ndipo Kapitene alipoanza. Alitafuna mpini wa jembe, akaja kwenye kafi, halafu miguu ya kigoda. Tulimfunga kamba, akalia mpaka mtaa mzima ukalalamika. Mama alipaka pilipili kwenye kigoda. Kapitene alipiga chafya, akasugua pua mchangani, akarudi. Tulimletea mfupa wa ng'ombe. Aliula wote, akarudi kwenye kigoda.

"Hii imbwa inakula mbao sawa muchwa," shangazi alisema. "Kesho itamaliza mulango, tulale inje."

Jirani yetu, aliyeuza maziwa kutoka Mulenge, alicheka sana, akaomba apewe yeye. "Munipatie minye. Nitaipandisha kule ku milima ikachunge ng'ombe. Kule iko miti mingi, itakula mpaka ichoke."

"Mama, chagua," shangazi akamwambia bibi. "Imbwa ao kiti. Weye mwenyewe unaona."

Bibi alikitaka kigoda, na mbwa alimtaka pia. Vyote viwili vilikuwa vya mumewe.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuangalia sana. Nilimwambia nilichokiona: viatu vyetu vipo mlangoni, Kapitene havigusi. Nyavu mpya za mjomba ziko chini, hazigusi. Anatafuna vile tu ambavyo babu alikuwa akivishika au kuvikalia kila siku.

Bibi alinitazama, kisha akaingia ndani, akafungua sanduku. Alitoka na lile koti, akalitandaza chini mbele ya mbwa kama mtu anayemtandikia mgeni.

"Kamata, baba. Hii ni yake."

Kapitene alinusa kola. Akanusa kwapa, akaingiza pua mfukoni, akalizunguka koti lote. Kisha akalipita, akaenda kujilaza penye kigoda, akaanza tena kukitafuna mguu.

Bibi aliliokota koti, akajifunika nalo usoni na kuvuta pumzi ndefu. Nilidhani analia.

"Sabuni," alisema. "Iko sabuni tu. Hata minye simusikie tena."

Shangazi, aliyelifua kwa mikono yake mwenyewe, aliingia ndani.

Yule jirani alipokuja na kamba yake, bibi alimwambia, "Rudi tu, baba. Imbwa inabaki." Kigoda akakisogeza yeye mwenyewe mpaka mbele ya Kapitene. Tangu hapo alikaa kwenye mkeka, pembeni ya mbwa, akichambua maharage na kusikiliza meno yakifanya kazi. Hakuna aliyemkataza Kapitene tena. Kigoda kilipobaki vipande, Kapitene alivimaliza vipande, na baada ya hapo hakutafuna kitu chochote. Alilala tu. Mvua ziliporudi alikufa, na bibi mwenyewe hakukaa sana nyuma yake.

Kibaraza kile sasa ni maji. Ziwa lilipanda, likachukua nyumba na mitaa ya karibu. Koti sijui liliishia wapi. Petroli naijua harufu yake, tumbaku naijua, na ndagala zinanuka soko zima la Uvira. Nikipita pale sokoni huwa napunguza mwendo, nikijaribu kuziunganisha harufu hizo tatu ili nimpate babu. Simpati.