Kamshafti ya Barabara ya Mikindani

Siku moja naikumbuka kwa harufu, mwanangu. Ni harufu ya klachi inayoungua kwenye mpando wa kutoka Mahurunga, jua linakaribia utosini, na mjomba wangu amekaa nyuma yangu na kanzu yake mpya. Umeniandikia kwamba pikipiki yako kubwa ya safari unataka kuifungia kamshafti yenye nguvu zaidi, na umeniletea picha za kamshafti mbili nikuchagulie. Picha nimeziona. Jibu utapata, ila utalisubiri kidogo, maana mimi nikianza kusimulia sikatizwi. Muulize mama yako, dada yangu, atakuambia.

Miaka ya tisini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Nilikuwa nafanya kazi karakana ya bandarini, Mtwara, kijana mwenye mshahara, sina mke wala mtoto, na kichwa kimenivimba. Mradi mmoja wa barabara ulikuwa umefunga kazi na vitu vyao vikapigwa mnada. Nikapata pikipiki ya safari, injini ya cc mia sita na hamsini, ina kioo cha upepo mbele, masanduku mawili ubavuni na kiti cha nyuma kipana ambacho mtu mzima anakaa bila kulalamika. Nikipita mtaa wa Chikongola watu walikuwa wanatoka madukani. Labda walikuwa wanatoka kwa shughuli zao, sijui. Mimi nilijua wanatoka kunitazama.

Pikipiki ile haikuwa na kosa lolote. Ilinipeleka kazini, ikanipeleka nyumbani Mpapura, ikanipeleka kwa mjomba. Ila mimi nikaanza kuiona nzito. Baharia mmoja wa meli iliyokuwa ikija kuchukua korosho akanionyesha kitabu cha vipuri, na ndani yake kamshafti mbili zinazoingia kwenye injini yangu.

Najua unaijua kazi ya kamshafti, lakini acha niiseme kama nilivyoelezwa mimi. Ni chuma chenye matuta kinachozunguka juu ya injini. Kila tuta likipita linasukuma valvu, vile vimlango vya kuingiza mafuta na hewa na kutoa moshi. Tuta likiwa kubwa, mlango unakaa wazi zaidi, na injini inatoa nguvu nyingi. Lakini nguvu hiyo inakuja injini ikizunguka kwa kasi sana. Ukienda polepole, inakuwa goigoi. Ile ya kwanza kitabuni ilikuwa na matuta ya wastani, inaongeza nguvu kidogo tu, na inaiongeza huku chini. Ya pili ilikuwa ya mashindano. Hiyo iliongeza nguvu nyingi, huko juu. Macho yangu yalikwenda wapi, nadhani sina haja ya kukuambia.

Nikaenda kwa Fundi Gervas. Huyu alikuwa mzee mstaafu wa karakana yetu, mtu wa Songea, anaishi na mkewe nyuma ya soko na anatengeneza injini uani kwake. Alikuwa na utaratibu wake, na kama hukuutaka alikuonyesha lango. Hafungi kamshafti mpaka umemfanyia kazi ya wiki moja. Akamwomba mkewe rangi ya kucha, akachora mstari mwekundu kwenye kioo cha saa ya injini, ile inayoonyesha injini inazunguka kwa kasi gani.

"Endesha kama unavyoendesha siku zote," akasema. "Kazini, kwenu Mpapura, kwa mjomba wako, kote. Uangalie mshale. Jumamosi uje uniambie unakaa zaidi chini ya mstari au juu yake. Ukikaa chini, sawa. Ukikaa juu, sawa."

"Fundi, mimi pikipiki yangu naijua."

"Pikipiki sijauliza, kijana. Nimekuuliza wewe."

Basi nikakasirika. Mimi, fundi wa bandari, napewa rangi ya kucha! Wiki ile nikawa naendesha alasiri tu, kwenye lami ya Mikindani, kwenda na kurudi, mafuta hadi mwisho, mshale uko juu ya mstari muda wote. Mpapura nilikwenda kwa gari la abiria. Kwa mjomba sikwenda kabisa. Yaani nilipewa mtihani usio na jibu baya, na bado nikaibia.

Jumamosi nikamwambia, "Juu ya mstari, fundi. Karibu wiki nzima."

Alinitazama, akainama akatazama matairi. "Haya. Neno lako ndilo hilo," akasema. Baharia alipoileta ile ya mashindano niliyomwagiza, mzee akaifunga kwa utulivu, akapima nafasi za valvu mara mbili mbili, kazi safi kabisa. Na nisikudanganye, ilikuwa raha. Kwenye lami ile injini ililia mpaka nywele zikanisimama. Nilifurahi hivyo mwezi mzima.

Halafu mama yako akachumbiwa na baba yako, mtoto wa Mikindani. Baba yetu alikuwa ameshafariki, na baba mdogo ndiye aliyesimama kama walii wa kumwoza, mambo ya dini yakawa yamekamilika. Lakini unajua kwetu. Upande wa mama usipomtoa binti kwa mdomo wake, hata ndoa ikisomwa watu watakuwa wanainong'ona mpaka kwa wajukuu. Mwenye mdomo huo ni mjomba. Na mjomba hajileti. Anafuatwa na kijana wa nyumba, anakuja naye, anakalishwa mbele za wakwe, ndipo anasema ameridhia.

Mjomba wetu, Mzee Chitanda, aliishi Mahurunga, kule bondeni karibu na Ruvuma, na goti lake la kulia lilikuwa bovu. Ndoa ilipangwa Mpapura baada ya adhuhuri. Babu yako mzaa baba alikuwa mtu wa saa, tena mwenye kidonda. Mwanawe mkubwa alishawahi kukalishwa ukweni siku nzima akarudi bila mke. Kwa hiyo alitamka mapema, wazi, mbele ya mshenga: adhana ya alasiri ikiwakuta wamekaa bila neno, wataondoka na hawatarudi. Kazi ya kumfuata mjomba nikapewa mimi, na kwa nini nisipewe? Mwenye mashine si ndiye mimi!

Kushuka bondeni hakukuwa na shida. Mjomba akapanda na fimbo yake, akakunja kanzu vizuri, akaniambia, "Taratibu, baba, mimi si gunia." Tukafika mpandoni. Unaujua mpando ule. Siku zile ulikuwa mchanga mtupu unaomeza nusu ya gurudumu, na mifereji ya mvua katikati. Kwa kamshafti ya zamani nilikuwa naupanda polepole, injini inanguruma chini chini na kuvuta bila haraka. Siku ile nikienda polepole inakohoa na kuzimika. Nikivuta mafuta, gurudumu la nyuma linachimba shimo. Nikaona bora niishike kwa klachi, naiachia nusu, naikamata, naiachia nusu. Ndipo harufu ilipoanza, na kabla hatujafika katikati klachi ikaisha. Injini inapiga kelele bonde zima linasikia, na sisi tumesimama pale pale.

"Mbona inalia hivyo na haiendi?" mjomba akauliza.

"Klachi imekwenda, mjomba."

"Imekwenda, na sisi imetuacha?"

Alishuka, pikipiki nikaiacha kando ya njia. Akaweka mkono mmoja begani kwangu, mwingine kwenye fimbo, tukaanza kuupanda ule mchanga kwa miguu. Kila hatua goti lilikuwa linalia, na mimi nalisikia. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Niliona aibu, mwanangu, nikataka kulia njiani kama mtoto. Juu tulimkuta mtu na baiskeli na magunia ya muhogo, akashusha muhogo wake kando ya njia bila kuambiwa mara mbili, akampakia mjomba, mimi nikasukuma kwa nyuma. Mbele tukapata lori la mbao. Dereva akatupakia.

Mpapura tulifika adhana ya alasiri ndiyo inamalizika. Wakwe walikuwa wamesimama. Gari lao limewashwa, na babu yako ameshaweka mguu kwenye ngazi. Mama yako alikuwa ndani na hina yake tangu asubuhi, anasikia ule muungurumo, na kati ya wanawake waliomzunguka hakuna wa kupiga hata kigelegele cha kumdanganya.

Mjomba aliteremka kwenye lori, kanzu nyekundu kwa vumbi mpaka magotini. Akaenda moja kwa moja kwa babu yako kabla mtu hajafungua mdomo.

"Mkwe, nisamehe. Kijana alinifikia mapema sana. Ni mimi. Goti lilinishika, nikamwambia tupumzike. Kosa ni langu."

Babu yako akalitazama lile goti. Lilikuwa limevimba, linaonekana hata chini ya kanzu. Akatoa mguu kwenye ngazi, akamshika mjomba mkono, akaenda kumkalisha mwenyewe kwenye mkeka. Neno likasemwa, ndoa ikasomwa, na vigelegele vikafika kwa majirani. Mama yako hadi leo anajua mjomba alichelewa kwa sababu ya goti. Ukitaka mwambie, mimi nimezeeka, sina cha kuficha.

Watu walipokwenda kula, mjomba akaniita nyuma ya jiko. Hakupandisha sauti.

"Leo nimesema uongo mbele ya wakwe zangu, nimevaa kanzu ya ndoa, kwa ajili yako," akasema. "Usinipe kazi hiyo tena."

Kisha akaniambia nimletee maji. Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki, miaka mingi baadaye. Goti halikurudi lilivyokuwa. Shamba lake la mikorosho la Mahurunga nililirithi mimi kama desturi yetu ilivyo, na ndiko ninakokuandikia.

Wiki ile ya ndoa niliipakia pikipiki kwenye gari, nikaipeleka kwa Fundi Gervas nikamweleza yote, na wizi wangu wa mtihani pia.

"Nilijua," akasema. "Matairi yako hayakuwa na hata punje ya mchanga. Mtu gani wa Mtwara anazunguka wiki nzima bila kukanyaga mchanga?"

"Sasa mbona ulinifungia?"

"Wewe mtu mzima. Nilikuuliza, ukanijibu." Akaongeza, "Kamshafti ile nzima, haina kasoro. Inafanya kazi huko juu ilikotengenezewa. Wewe ndiye hukai huko."

Akairudisha ya zamani, na klachi mpya, siku hiyo hiyo. Ile ya mashindano ipo hapa kwangu, nazuilia mlango upepo ukivuma kutoka mtoni.

Sasa jibu lako. Katika picha zako mbili, mimi naona ile ya matuta madogo. Pikipiki ya safari inabeba mzigo na mtu wa nyuma, nayo inaishi chini ya mstari hata kama mwenyewe anaota juu. Lakini usichukue neno langu. Siku hizi lami zimeongezeka, na huenda maisha yako kweli yako huko juu, mimi siyajui. Mwombe dada yako rangi ya kucha, chora mstari, endesha wiki nzima kama unavyoishi, si kama unavyotamani uonekane. Pakia mtu nyuma. Pita kwenye mchanga. Ukishaona mshale unakaa wapi, usimwongopee fundi, na kabla ya fundi usijiongopee wewe. Ukikosea bila uongo, fundi atarekebisha. Ukidanganya, kuna mtu mwingine atakulipia, na mara nyingi ni yule anayekupenda.

Tena usikawie. Mama yako amenipa habari kwamba dada yako anaolewa baada ya msimu wa korosho. Mjomba hajileti, hilo halijabadilika. Mjomba sasa ni mimi, kijana wa nyumba ni wewe, na goti langu la kulia limeshaanza.

Mungu akupe subira ya wiki moja, mwanangu, akupe na mdomo wa kusema ulichokiona. Akulinde kwenye lami na kwenye mchanga, na kila utakayempakia nyuma yako afike hali amekaa. Siku ya kuja kunifuata utanikuta barazani nimeshavaa kanzu. Nitakachotazama kwanza ni matairi yako.