Milimita Kumi na Mbili Kushoto

Cheka ukitaka, mke wangu pia alicheka. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote na digrii moja juu yake. Sikuwa nimelewa, wala sikuwa na homa. Nilikuwa na kosa, hilo nakubali, na ndilo linalonifanya niandike nikiwa nimeinamisha kichwa.

Miaka ya themanini niliajiriwa katika karakana ya shamba moja la mkonge, nje kidogo ya Voi. Shamba lilikuwa limeletewa mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta, kuukuu, imetumiwa ng'ambo hadi wenyewe wakaichoka, nami nikaletwa niwe msomi wake. Kazi yenyewe aliifanya Fundi Mwadime, mzee wa kijiji cha Mgange, huko milimani, aliyeijua mashine ile kwa kuitazama wiki tatu bila kusema neno. Mimi nilishika kitabu cha maelezo.

Nikueleze jambo moja la mashine ile, maana bila hilo hutanielewa. Ni kipofu. Inajua kona yake yenyewe, ndiyo sifuri yake, lakini chuma ulichoiwekea mezani haijui kiko wapi. Kwa hiyo unaifungia kitu ambacho mafundi walikiita kidole: kijiti chenye kitone chekundu cha kito nchani. Kinasogea polepole, kinagusa chuma ubavuni, kinagusa mbele, kinagusa juu. Tik. Tik. Tik. Kila mguso mashine inaandika namba, na tangu hapo inaamini chuma kipo hapo. Ukikisogeza baadaye, yenyewe itakata pale kilipokuwa.

"Injinia," Mwadime aliniambia siku ya kwanza, "ukigusa kitu mezani uniambie. Hata kama ni kupangusa vumbi."

"Mzee, mimi ndiye mkubwa wako hapa."

"Mkubwa wangu, sawa. Na mashine je, umeiambia?"

Mafundi wakacheka. Mimi sikucheka.

Asubuhi moja tulikuwa na kipande cha chuma cha kuchonga kikalio cha beringi, cha mashine ya kuchambua mkonge. Kilikuwa kimoja tu. Kingine kingechukua miezi kufika. Mwadime akakipima kwa kidole, akaenda kunywa chai. Nikabaki peke yangu, nikataka kusoma namba iliyopigwa chini yake. Nikalegeza vibano vilivyokishika, nikakiinua, nikasoma, nikakirudisha. Kilirudi vizuri, kwa macho yangu. Ningemwambia? Injinia mzima akiri kwa fundi kwamba amegusa? Niliondoka nikipiga mluzi.

Mwadime alirudi, akabonyeza kitufe. Mlio ule nausikia hadi leo. Kisu kiliingia mahali pasipo pake, chuma kikapasuka, kipande kikampita karibu na sikio.

Meneja akaja mbio. "Nani aliyepima?"

"Mimi, bwana," akasema Mwadime. Na ni kweli, alipima yeye.

Meneja akanigeukia mimi, msomi. Hapo ningeweza kunyamaza tu, na hata hilo lingekuwa aibu ya kutosha. Nikasema, "Macho ya mzee yameanza kuchoka."

Jumamosi akafukuzwa, amebakiza miaka miwili astaafu. Alipangusa vifaa vyake kimoja kimoja, akavifunga ndani ya koti lake la kazi, akapeana mkono na kila mtu. Na mimi pia.

Sasa sikiliza. Kama wiki mbili baadaye, saa saba mchana, wenzangu walikuwa wameenda kula na swichi kubwa ya umeme ilikuwa imezimwa. Unalijua jua la Voi saa hiyo. Kivuli chako kimekaa chini ya viatu. Niliingia karakana kuchukua kofia yangu, nikasikia: tik. Kimya kidogo. Tik.

Mtu alikuwa amenipa mgongo, amevaa ovaroli ya buluu, mfupi kuliko Mwadime. Simjui, na sijapata kumwona tena. Alikuwa akigusa vitu. Ukuta, tik. Meza, tik. Baada ya kila mguso alinong'ona namba. Sakafu ilijaa vipande vyembamba vya chuma kilichochongwa ambavyo hulia ukivikanyaga. Yeye alitembea, na havikulia. Alipogeuka niliona mkono wake wa kulia una kidole kimoja tu, nacho hakina ukucha. Nchani kulikuwa na kitone chekundu.

Kwa nini sikukimbia? Niamini, nimejiuliza zaidi yako.

"Simama wima," akasema, kwa upole wa daktari. Akanigusa bega la kushoto, akanigusa kifua, akanigusa utosini. Kidole kilikuwa baridi kama chuma cha alfajiri. Kisha akauliza, "Nani aliyekisogeza?"

Hapa ndipo ninapotamani kuruka mistari. Nilikuwa mbele ya kiumbe ambacho hakikuwa mtu, hakuna meneja, hakuna shahidi, na bado nikajibu, "Mwadime."

Akaitikia kwa kichwa, kama karani. "Basi nitakuandika pale alipokiweka Mwadime."

Nilipopepesa macho hakuwepo. Nikanyoosha mkono kushika mlango, nikashika hewa.

Tangu siku hiyo nikinyoosha mkono nakosa shabaha. Kikombe, tundu la ufunguo, mdomo wa mtoto wangu nilipokuwa namlisha uji. Mkono hupita kushoto, kwa kiasi kilekile kila mara. Daktari wa Mombasa alisema macho yangu ni ya rubani. Nilipima kwa vernia, kile kipimo cha mafundi: milimita kumi na mbili. Kisha nikaenda kupima mkwaruzo ambao kibano kiliuacha mezani siku ile nilipokirudisha chuma, umbali wake na alama ya pale kilipokuwa mwanzo. Sina haja ya kukuambia nilipata ngapi. Niliacha uhandisi, nikaanza kuandika makala, kazi ambayo ukikosa shabaha kidogo hakuna anayekatika sikio.

Baada ya miaka minne nilipanda Mgange. Mwadime alikuwa anatia mpini jembe lake. Nikamweleza yote.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Mkwaruzo wa kibano ulikuwa mbichi."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Wangemwamini nani? Sasa wewe umeniambia mimi ninayejua tayari. Hapa kijijini hakuna anayeniletea hata sufuria ya kuziba, wanasema macho yameisha. Jumapili simama kanisani uwaambie hao."

Nikamwahidi Jumapili. Nikashuka Voi kwa basi la Jumamosi.

Mwadime amekufa, na kanisani sikusimama. Kwa hiyo nawaambia nyinyi: macho yake yalikuwa mazima. Niliyekisogeza ni mimi.

Na wewe, siku utakapoulizwa nani amefanya, jibu mara ya kwanza, wakati anayeuliza bado ni meneja tu. Anayekuja kuuliza mara ya pili huenda si mtu.