Kanga Niliyoanikia Dagaa

Kanga ile nilipewa mimi, na aliyeitandika juu ya jiwe ni mimi. Naanza na hilo ili mtu asisome mpaka katikati akidhani ni mjukuu wangu. Mtaani kwetu mpaka leo wanadhani ni yeye.

Nakaa Mabatini, kule juu kwenye mawe, nyumba ya vyumba viwili aliyoniachia marehemu mume wangu. Biashara yangu ni dagaa. Nawanunua mwaloni asubuhi, boti zikishapakua, nawapandisha nyumbani, nawachambua, nawapeleka sokoni Mkuyuni. Shule niliishia darasa la nne. Baba alisema inatosha, sasa naweza kusoma barua ya posa. Nilisoma kweli, na posa yenyewe ikaletwa kwa mdomo.

Mjukuu wangu alitoka Nansio, kule kisiwani, alipochaguliwa kuingia kidato cha tano hapa mjini. Mama yake, binti yangu wa pili, alimleta kwa meli, na godoro, na ndoo mpya, akaniambia, "Mama, huyu anaongea. Ukichoka mwambie anyamaze."

Alikuwa anaongea kweli. Jioni tukikaa kuchambua dagaa, mimi natoa mchanga na vikonokono, yeye anatoa mchanga huku ananifundisha serikali. Alikuwa na daftari lake la somo hilo, jalada la kijani, amelifunika kwa nailoni lisishike harufu.

"Bibi, serikali ina mihimili mitatu."

"Najua. Kama mafiga."

"Hapana, mafiga matatu ni ya kwenye kampeni. Rais, mbunge, diwani. Mihimili ni mingine. Kuna Bunge, kuna Serikali yenyewe, kuna Mahakama. Kila mmoja unauchunga mwingine."

"Mafiga hayachungani, mwanangu. Yanabeba chungu."

"Sasa figa moja likikataa?"

"Chungu kinamwagika, watu wanalala njaa. Ndiyo maana halikatai."

Alicheka mpaka akamwaga ungo. Nikamwambia okota, kila mmoja. Akaokota, huku bado anabisha. Nilizoea kumwambia nyamaza, naye hakunyamaza hata siku moja, na mimi, kusema ukweli, jioni ambazo alichelewa kurudi kutoka shuleni nilikuwa nachambua dagaa vibaya.

Mwaka wa uchaguzi ukafika na yeye amemaliza kidato cha sita. Matokeo yalikuwa mazuri. Akachaguliwa chuo, mbali, huko wanakokwenda kwa basi siku nzima, asomee sheria. Zikaja fomu zake. Kwenye fomu kuna mahali mwenyekiti wa mtaa anatakiwa aandike kwamba anamfahamu mtoto huyu, anakaa hapa, na ana tabia njema, asaini, agonge muhuri. Fomu isiyo na muhuri wa mtaa hairudishwi chuoni. Na zilikuwa na tarehe yake ya mwisho.

Muhuri unakaa kwenye droo ya mtu mmoja. Hilo mjukuu wangu hakufundishwa darasani.

Kabla ya hapo alikuwa ameshafanya lake. Mwenyekiti aliita mkutano wa mtaa kutupanga namna ya kumpokea mgombea urais, nani apike, nani acheze ngoma. Mjukuu wangu akanyoosha mkono. Akasema, "Shikamooni wazee. Naomba kuuliza. Mkutano wa mtaa wa kuzungumza mambo yetu, maji na taka, mara ya mwisho ulikaa lini?" Watu wakainama wakaangalia viatu vyao. Mama mmoja nyuma akacheka, akaziba mdomo. Mwenyekiti akasema swali zuri, litajibiwa. Halikujibiwa. Nyumbani nilimsema mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia: una fomu, halafu unamchokoza mwenye muhuri? Akasema, "Bibi, kuuliza si kuchokoza." Nikamwambia hiyo ni ya kwenye daftari lako.

Mgombea akaja. Tulisimama juani tangu asubuhi. Balozi wetu wa nyumba kumi, mama mwenye daftari na kalamu sikioni, aliandika jina la kila aliyefika kutoka nyumba zake, na aliyeandikwa alipata kanga. Kutoka nyumbani kwangu nilikwenda mimi peke yangu. Kanga yenyewe ilikuwa na picha ya uso wa mgombea katikati, mkubwa kama ungo, na maneno ya kushukuru pembeni. Nilikunja nikaweka kwapani.

Nina kanga za chaguzi zote, miaka na miaka. Wengine wanazitunza sandukuni. Mimi nimebebea wajukuu, nimefungia viazi, moja nimezibia dirisha. Nguo ni nguo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaza siku tatu baadaye, niliporudi na dagaa ambao mvua iliwakuta mwaloni. Dagaa wakilowa na usipowaanika upesi wanageuka weusi, wanauma ulimi, hata kuku hataki. Jua likatoka. Chandarua changu cha kuanikia kilikuwa kimechanika. Nikaangalia huku na huku, nikaona kanga mpya iko kwenye kiti. Nikaitandika juu ya jiwe letu kubwa, lile linaloonekana kutoka njia ya chini, nikamwaga dagaa, nikawatawanya kwa mkono. Juu, chini, sikuangalia. Mjukuu wangu alikuwa dirishani anasuka nywele zake. Akasema, "Bibi, hiyo kanga." Nikasema, "Ina nini? Wewe fukuza kunguru."

Akatoka akakaa kando ya jiwe, anafukuza kunguru. Ndivyo alivyoonekana.

Kutoka njia ya chini, nikaja kuelewa baadaye, mtu aliona uso wa mgombea urais umejaa dagaa, macho yametokeza, mdomo umefunikwa, na pembeni yuko yule binti aliyeuliza swali. Mtu huyo alikuwa na simu. Saa saba mchana picha ilikuwa kwenye kundi la mtaa. Jirani yangu, muuza maandazi, alipanda mbio, anahema, akanionyesha. "Mama weee, toeni hiyo kitu. Wanasema mjukuu wako ametukana."

Nilikusanya dagaa. Kanga nikaitupa ndani ya beseni.

Kesho yake mjukuu wangu akaenda na fomu ofisi ya mtaa. Alirudi nazo vilevile, zimekunjwa vizuri. Akaziweka mezani, akanywa maji, ndipo akasema.

"Ameniambia niende kwa mwenye uso kwenye kanga anisainie."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Kulikuwa na watu, wakacheka. Bibi, ukienda wewe ukamweleza, atakusikia. Wewe ni mzee."

Nikasema nitafikiri.

Nilifikiri siku mbili. Naandika nilichofikiri, sitapunguza. Nilifikiri meza yangu ya sokoni, ambayo kila mwaka mtaa wangu ndio unaniandikia barua niendelee nayo. Nilifikiri kanisani, mimi ndiye ninayewapanga akina mama kwenye mabenchi, nitawapangaje wakinicheka. Nilifikiri kwamba mtoto akiomba radhi anasamehewa siku hiyohiyo, lakini mzee akiomba radhi anasimuliwa mpaka msibani kwake. Na nilifikiri kwamba yeye ndiye aliyeanza, na swali lake. Bila swali lile, kanga ingekuwa kanga tu. Hilo ndilo nililishika. Lilikuwa na nafuu kuliko mengine.

Asubuhi ya tatu nikamwambia, "Vaa gauni refu. Tunakwenda. Utaomba radhi."

"Kwa lipi, bibi?"

"Kwa yote."

Akaingia ndani akavaa gauni.

Ofisi ya mtaa ni chumba kimoja, na benchi nje. Mwenyekiti ni mtu ninayemjua tangu akiwa kijana wa kubeba magunia pale mwaloni, si mtu mbaya, ana watoto sita na presha. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amekaa pembeni yake. Mjukuu wangu akapiga magoti mlangoni, kama tunavyowafundisha mabinti wetu, akasema shikamoo.

"Marahaba," mwenyekiti akasema. "Msomi leo amejua magoti?"

"Nimekuja kuomba radhi, baba."

"Radhi ya nini? Sema, hapa kuna masikio."

"Ya kanga."

"Ulitandika wewe?"

Hapo akageuza shingo akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama alivyokuwa ananiangalia jioni akishaniuliza swali la serikali, anasubiri nimjibu chochote, hata upuuzi, ili aendelee. Nilikuwa nimesimama na mkoba wangu tumboni. Nje, mtu alikuwa anagonga bati kwa nyundo, na mimi nikasikiliza nyundo.

"Ni mimi, baba," akasema.

Balozi akatikisa kichwa. Mwenyekiti akanigeukia. "Mama, unasikia? Tunakuheshimu wewe, ndiyo maana jambo hili halijafika mbali. Lakini umelea nini humo ndani?"

Na mimi nikasema, "Watoto wa siku hizi."

Nilisema hivyo. Hata hakuniuliza mara mbili.

Akafungua droo. Akaandika kwamba anamfahamu mtoto huyu na ana tabia njema, akapulizia muhuri pumzi, akagonga. Wino wa zambarau. Balozi akasema, "Haya, binti, siasa waachie wakubwa." Mjukuu wangu akasema ahsante, akainuka, magoti yana vumbi, hakuyapangusa.

Tulipanda mawe hadi nyumbani. Jioni tulichambua dagaa. Nilimwambia leo hunifundishi? Akasema, "Nimechoka kidogo, bibi." Kesho yake alichoka kidogo. Kesho kutwa vilevile. Nikajua nimepata ule ukimya niliokuwa namwomba kila jioni.

Siku ya kupiga kura niliamka nikavaa. Yeye alikuwa amejiandikisha tangu mwaka uliotangulia, alinionyesha kadi yake kabla wino haujakauka, akaniambia tutakwenda wote, nimshike mkono kwenye foleni, yeye ndiyo mara yake ya kwanza. Nikamwita, "Twende."

"Tangulia tu, bibi. Nina nguo za kufua."

Nilikwenda peke yangu shule ya msingi pale chini. Nikasimama kwenye foleni nyuma ya jirani yangu wa maandazi. Nikaingia nyuma ya kile kikasha, nikatia alama, nikakunja. Niliyempa ninamjua mimi. Wakanipaka wino kidole. Nimepiga kura tangu nikiwa msichana na sijawahi kukosa, lakini siku hiyo nilipotoka nilijiona kama mtu aliyetoka kuwasilisha barua ya mwingine.

Niliporudi nikakuta amefua kanga ile. Ameifua kwa sabuni na ndimu mpaka harufu imetoka, ameianika kwenye kamba, uso umegeukia ukutani. Kadi yake ya kura ilikuwa mezani, juu ya fomu.

Aliondoka mwezi uliofuata. Ananipigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Shikamoo bibi. Marahaba. Umekula? Nimekula. Dagaa wanauzika? Wanauzika. Haya bibi, usiku mwema, na bado ni mchana. Siku moja nilimchokoza, nikamwambia huku redioni wanasema bunge limepitisha jambo fulani, hilo nalo ni figa la ngapi? Akasema, "Sijui, bibi." Yeye. Anasoma sheria.

Daftari la kijani aliliacha. Sijui kama alisahau. Nimelisoma lote, polepole, kwa kidole, mpaka miwani ikaniuma pua. Ameandika mihimili, ameandika kazi za rais, ameandika maana ya kura. Ukurasa wa mwisho aliouandika una kichwa juu: Uwajibikaji. Chini yake kaandika kwamba kiongozi akikosea anatakiwa aseme mwenyewe kabla hajatajwa, na asimwache aliye chini yake abebe. Kisha kaandika *Mfano*, na nukta mbili. Baada ya hapo ni mistari mitupu mpaka mwisho wa daftari.

Wiki mbili zilizopita nilivaa, nikashuka ofisi ya mtaa. Nikamwambia mwenyekiti, mbele ya balozi, kanga niliitandika mimi, mtoto alinionya, nikamkaripia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Mwenyekiti alinitazama, akacheka, akasema, "Mama, uchaguzi si ulishapita? Nani bado anakumbuka kanga? Nenda kapumzike." Balozi akaniuliza bei ya dagaa.

Nikarudi juu. Kwa hiyo hata kosa langu halikutakiwa tena, lilitakiwa siku ile tu, na siku ile nilisikiliza nyundo.

Kwenye simu siwezi. Nimejaribu Jumapili mbili, nikaishia kwenye umekula. Nimechukua kalamu nikaanza kuandika palepale alipoacha, chini ya neno lake, mwandiko wangu mbovu chini ya mwandiko wake mzuri, na kurasa zimenitosha. Likizo ni mwezi wa saba. Mama yake ananiambia amesema safari hii atapitiliza moja kwa moja hadi Nansio, bila kupanda huku kwangu.