Stesheni Juu ya Meza Yangu

Mume wangu Jairus hajawahi kufika Ireland. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani kuna sababu ya maana. Hana ndugu kule, hakusoma kule, hata ndege iliyotuleta haikutua kule. Alizaliwa Londiani, kwenye nyumba za reli, ambako baba yake alikuwa akibadilisha njia za treni. Tulikutana Nakuru, tukaoana, tukaja Birmingham, na sasa tunaishi Perry Barr, katika nyumba ambayo chumba chake cha kulia kimegeuka kaunti ya Mayo, huko Ireland.

Kanisani wakiniuliza anafanya kazi gani, nasema anahudumia wazee. Ni kweli. Kila asubuhi anavaa sare, anapanda basi, anazunguka mtaa wa Kingstanding nyumba kwa nyumba akiwaogesha wazee, akiwapikia uji na kuhakikisha wamemeza dawa. Kazi hiyo anaifanya kwa moyo na sina neno. Neno langu linaanza akirudi nyumbani. Anapita sebuleni bila kusalimu, anakwenda moja kwa moja mezani, anainama na kuchungulia kama mtu aliyeangusha pete.

Yote haya yaliletwa na Brigid. Huyu ni mama wa Kiayalandi, mjane, mmoja wa wazee anaowahudumia. Alikuja Birmingham akiwa msichana, akafanya kazi kiwandani mpaka akastaafu. Utoto wake aliupitia kwenye stesheni ndogo huko Mayo, maana baba yake ndiye aliyekuwa mkuu wa stesheni, na kwa vile stesheni yenyewe ilikuwa ya watu wawili watatu, ndiye pia aliyevuta mitambo ya ishara katika kibanda chake. Chumba cha Brigid kilikuwa ghorofani, dirisha likitazama reli. Kila jioni, treni ya mwisho ikishapita, baba yake alishuka ngazi za kibanda na taa mkononi, akampungia, na hapo ndipo binti alipokubali kulala. Stesheni hiyo haipo tena. Reli ziling'olewa, nyumba ikabomolewa, na familia yao haikuwa na kamera.

Haya yote Jairus aliyasikia akipaka mkate siagi. Kisha daktari wa macho akamwambia Brigid kwamba katikati ya macho yake kunafifia na hakuna dawa. Tayari alikuwa akiona watu kwa pembeni, kichwa akikigeuza kama kuku. Akamwambia Jairus kuwa angependa kuiona stesheni yao mara moja tu kabla giza halijamfika. Mtu mwenye akili angesema pole mama, akaendelea na siagi. Mume wangu akasema, "Nitakujengea."

"Nani alikuomba?" nilimuuliza aliponiambia.

"Hakuna aliyeniomba."

"Sasa?"

"Mama Fiona, wewe unayo picha ya kwetu Londiani? Hata moja? Kwetu hakuna atakayetuletea. Kwao huenda ikapatikana."



Hapo ndipo akaingia Vipul. Vipul ana duka la vifaa vya umeme Stratford Road, kule Sparkbrook. Ni Mhindi wa Kisumu, babu yake alikuwa karani wa reli, na ugonjwa wake na wa Jairus ni mmoja, reli. Yeye hukusanya picha za zamani za treni, zile zilizopigwa juu ya mabamba ya kioo kabla filamu hazijaenea. Mtu akifariki na jamaa zake wakasafisha dari, Vipul ndiye anayepigiwa simu. Sijui alipekua maboksi ya marehemu wangapi, lakini siku moja alikuja kwangu akihema, amekumbatia picha kubwa kama trei ya chai. Ilikuwa stesheni ya Brigid. Alikuwa amelilaza bamba juu ya taa, akalipiga picha, kompyuta ikageuza weusi kuwa weupe, akachapisha.

"Bhabhi, angalia mwenyewe," akaniambia; ndivyo anavyoniita, yaani shemeji. "Iko clear kabisa. Hata jiwe moja-moja unaona."

"Mimi naangalia meza yangu, Vipul. Hiyo ndiyo siioni."

Wakacheka wote wawili. Watu hawa ukiwagombeza wanadhani unatania.

Sasa nieleze ukaidi wenyewe. Madukani zipo reli ndogo zilizotengenezwa tayari, unaziunganisha tu, kazi ya Jumamosi moja. Jairus hakuzitaka. Reli ya Ireland ni pana kuliko ya Uingereza, aliniambia, na anayeweka injini ya Kiayalandi juu ya reli ya Kiingereza anasema uongo. Nikamuuliza ni nani atakayekuja na rula.  Akawa anakata mataruma, vile vijiti vinavyolala chini ya reli, kwa kisu, moja baada ya jingine, anayapaka rangi ya matope, anayabandika kwa gundi yenye harufu ya kufukuza mende. Sisi tukala mapajani. Mgeni akija anapewa sahani na kochi. Wakati fulani nilikuta vikaango vyangu vya chapati vimejaa changarawe alizochekecha.

Futa hilo la vikaango, nilikuwa na hasira. Ni kikaango, tena kimoja. Lakini kilikuwa changu.

Na mimi kwa muda wote huo nilikuwa na ombi moja. Nilinunua kioo kirefu cha kujitazamia, nikitundike ukutani pale mlangoni, nijiangalie sare yangu kabla sijakwenda hospitali, wodini ninakofanya kazi. Kinahitaji msumari mmoja. Kikaegemezwa ukumbini, uso ukutani, tukawa tunakipita kwa ubavu. "Baba Fiona, kioo." "Kesho, Mama Fiona." Kesho ikija ina paa la kuezekwa. Mtu anayeweza kuezeka nyumba ndogo kama sabuni, kigae kwa kigae, anashindwa na msumari!

Jioni walikuwa wakiinamia ile picha na lenzi, yeye na Vipul, wakihesabu mataruma, wakibishana kuhusu bomba la mvua. Jina la stesheni halikuonekana pichani, hivyo Jairus akalitafuta kwingine, akaliandika mwenyewe kwenye bango la mbele kwa brashi ya nywele chache, kwa Kiayalandi na kwa Kiingereza. Jina lenyewe mpaka leo siwezi kulitamka. Bango hilo peke yake lilitumalizia msimu mzima, na macho ya Brigid hayakuwa yakingoja. Kila wiki Jairus alirudi na habari mpya: sasa hasomi gazeti, sasa haoni saa ya ukutani. Ikawa mashindano, na mimi niliyeichukia stesheni nikajikuta nasema malizeni basi, malizeni upesi.

Wakamaliza. Jumapili baada ya kanisa Vipul akamleta Brigid kwa gari lake. Nilikuwa nimepika kuku na chapati. Mama wa watu alikuwa amevaa gauni zuri la bluu na lipstiki iliyopotea njia kidogo kwa sababu ya macho.

"Fiona, mletee nyanya kiti," nikamwambia binti yetu.

"The comfy one?"

"Kile ambacho hakina gundi."

Tukamketisha mbele ya meza. Tuliongea naye Kiingereza, lakini nitayasema hapa kwa lugha yangu. Akageuza kichwa upande, akatazama kwa pembeni. Jairus alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameifungia mgongoni. Kidole cha Brigid kikatembea taratibu juu ya ukuta wa nyumba, kikasimama kwenye dirisha la ghorofani.

"Hapa ndipo nilipokuwa nikikaa," akasema. Kisha, "Kibanda cha baba kiko wapi?"

"Hiki hapa," Jairus akasema. "Ukiwa dirishani, mkono wa kulia."

"Hapana. Kilikuwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nikilaza shavu kwenye kioo, shavu hili, ili nimwone akishuka."

Hapo mtu mwenye mke angenyamaza. Jairus akaenda kuleta picha. Akamwinamia kwa sauti ya upole, ile sauti ya kuwapa wazee dawa, akamwonyesha kwa kidole: Brigid, tazama, hii ndiyo picha, dirisha hili, kibanda hiki, mkono wa kulia. Tumefuata kila jiwe.

Brigid akaisogeza picha karibu, akaigeuzageuza, akairudisha. Mkono wake akauondoa juu ya meza na kuuweka pajani.

"Basi ni mimi," akasema. "Binti yangu aliyeko Kanada husema nimeanza kusahau. Kumbe hata hili."

Niliona haya, kisha nikakasirika hadi masikio yakawaka. Nimekula mapajani kwa ajili ya hii stesheni. Nimenusa gundi. Na sasa ilikuwa imemnyang'anya mama huyu kitu pekee alichokuja nacho.

"Baba Fiona!" nikasema kwa Kiswahili, ili mgeni asisikie vibaya. "Wewe ndiye wa kumwambia mtu kwao kulikaaje? Leta hapa hiyo picha."

Nikaishika mwenyewe. Kwa muda wote huo sikuwahi kuitazama, kwa ukaidi tu. Palikuwa na reli, nyumba, kibanda, na mbele ya mlango alisimama mwanamume mwenye masharubu na koti la sare.

"Huyu ni nani?"

"Ni baba yake Brigid," Vipul akasema. "Mkuu wa stesheni."

"Na mbona koti lake lina vifungo upande wa kike?"

Wakanitazama. Katika nyumba hii mimi ndiye ninayepiga pasi. Shati la Jairus vifungo viko kulia kwake, blauzi yangu viko kushoto kwangu, hata Fiona anajua. Mtu huyu alikuwa amefungwa koti kama mimi. Mfuko wa kifuani nao ulikuwa upande usio wake.

Vipul akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasogeza lenzi. Uso ukamshuka. "Arre," akasema polepole. "Bhabhi, ile glass nililaza upande wrong. Ilikuwa inaangalia chini, bana. Picha yote imegeuka."

Wanaume wawili, lenzi moja, miezi na miezi, wamehesabu kila taruma na hakuna aliyemtazama mtu! Nilisema hivyo, na nilisema na mengine ambayo mchungaji hahitaji kuyajua.

Jairus alimpigia Brigid magoti, akamweleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa sawa, kibanda kilikuwa kushoto, kosa ni letu. Mama akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Lakini alipotazama tena meza, stesheni ilikuwa bado kinyume, na sote tuliliona hilo.

"Nitaibomoa," Jairus akasema. "Nitaanza upya."

"Macho yangu hayatakungoja, mwanangu."

"Upya?" nikasema mimi. "Juu ya meza ya nani?"

Nikatoka. Nilitaka tu kuwa mbali nao kabla sijavunja kitu. Ukumbini nikagonga goti kwenye kile kioo changu, kama nilivyoligonga kila siku, na maumivu yakanisimamisha pale pale, mkono juu ya fremu.

"Vipul! Njoo ushike huku!"

Tukakiingiza chumbani, tukakisimamisha dhidi ya ukuta. Nikawaamuru waizungushe meza, stesheni itazamane na kioo, kisha wamketishe Brigid nyuma ya nyumba, atazame kiooni juu ya paa. Jairus alielewa kabla Vipul hajaelewa, akaanza kulia hapo hapo, mtu mzima.

Kiooni kilichogeuka kiligeuka tena: kibanda kilikuwa upande wake wa kweli. Hata lile bomba la mvua lilikuwa upande wake. Na nyuma ya paa, juu kidogo ya lile dirisha, ulikuwapo uso wa Brigid mwenyewe, umegeuka pembeni, ukitazama.

 Alilaza kichwa upande wa lile shavu lake.

Tatizo likabaki bango. Kwenye kioo herufi zote zilisomeka kinyume, Kiayalandi na Kiingereza, kazi ya msimu mzima. Jairus akaanza kunong'ona kwamba angeweza kuliandika upya, kwa kinyume, ni suala la wiki chache tu, nami nikamwambia nitampiga nalo.

"Ling'oe," Brigid akasema. "Mimi najua niko wapi."

Akaling'oa.

Stesheni ilikwenda kwa Brigid, Kingstanding, na gari la Vipul, na kioo changu kikaenda nayo, maana kimoja bila kingine ni bure. Meza nilirudishiwa, na alama za gundi ambazo hazitoki. Wiki iliyofuata Jairus, kwa fahari kubwa, alipigilia msumari ukumbini. Kila asubuhi najiweka sawa kola ya sare nikitazama msumari.

Nilivumilia mpaka baridi ilipoisha. Kufikia hapo Jairus alikuwa ameniambia kwamba macho ya Brigid yamezimika kabisa katikati, na kilichobaki pembeni ni mwanga na kivuli. Nikajiambia basi, asiyeona kioo cha nini. Jairus nilijua angerudi mikono mitupu, hivyo nilipanda basi mwenyewe, alasiri, na blanketi la kukifungia.

Mlango ulikuwa wazi. Brigid alikuwa ameketi nyuma ya stesheni, uso kiooni, kidole kwenye dirisha la ghorofani. Kioo kilikuwa na vumbi.

"Nimekuja kuchukua kioo changu," nikasema kabla sijaketi, nisije nikalegea.

"Kichukue, Peninah," akasema, akitabasamu. Akili zake zilikuwa timamu kabisa. Aliitambua hata harufu ya sabuni yangu. "Lakini ngoja kidogo. Baba bado hajashuka."

Nikakunjua lile blanketi, nikapangusa nalo kioo kutoka juu hadi chini, nikavuta kiti.